MLIMA UNAOTISHA NA KUPENDEZA
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: kusoma picha za nchi

(Kwa mwalimu wa darasa: Somo hili lisomwe kwa sauti baada ya kusikilizwa. Kila mwanafunzi asome fungu moja. Wekeni tayari kipande cha mkaa, karatasi, na kijiti kilichonyooka.)

  

Leo sitawafundisha herufi mpya. Herufi mmekwisha kuzijua. Leo tutajifunza kusoma kitu kingine, nacho ni picha. Picha husomwa kama barua. Aliyeiandika alikuwa na neno la kusema, na pengine kuna neno alilolinyamazia. Msomaji mzuri hutafuta yote mawili.

Nimechagua picha za namna moja tu, nazo ni picha za nchi: milima mirefu, maporomoko ya maji, mawingu na dhoruba. Mtu akizitazama picha hizi hushtuka kidogo, lakini papo hapo hataki kuondoka.

Mmoja wenu atasema, "Redio haina macho, utatuonyeshaje picha?" Neno lake ni kweli. Basi tutaanza na picha ambayo kila mmoja wenu anayo mlangoni pake.

1. TOKA NJE UTAZAME

Ukikaa Kibakwe huna haja ya kuambiwa mlima ni nini. Milima ya Rubeho iko pale. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita katika nchi ya Kenya na kuishia Udzungwa. Vilele vya Rubeho hupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Sasa kumbuka siku moja ya mwezi wa Desemba. Nchi ni kavu, vumbi limejaa, ng'ombe wamekonda. Halafu saa tisa mchana unaona wingu jeusi limesimama juu ya mlima. Upepo wa baridi unashuka. Radi inapiga mbali, na mlima ambao jana ulikuwa wa buluu leo ni mweusi kama chungu.

Siku hiyo unakuwa na mioyo miwili. Moyo mmoja unasema, "Kimbia! Anua nguo, ingiza mbuzi, funika kuni." Moyo wa pili unasema, "Ngoja kidogo. Tazama." Nawe unasimama mlangoni, nguo mkononi, unatazama.

Moyo huo wa pili ndio somo letu. Tunachokiona siku hiyo si uzuri wa kila siku. Ua ni zuri, ndama ni mzuri, kikapu kilichosukwa vyema ni kizuri. Lakini hakuna anayekaa kimya mbele ya kikapu. Mbele ya wingu lile juu ya Rubeho mtu hukaa kimya. Kiswahili kina neno linalofaa hapa, nalo ni adhama: ukuu wenye heshima, unaomfanya mtu ajione mdogo. Katika somo hili, kila nikisema "adhama", nina maana ya uzuri uliochanganyika na hofu.

2. MSAFIRI ALIYEIOGOPA RUBEHO

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walisafiri kwa miguu kutoka pwani wakitafuta maziwa makubwa ya bara. Mwezi wa Septemba walifika kwenye milima hii ya Rubeho. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, hawana nguvu hata ya kusimama vizuri. Njia ilipanda moja kwa moja mbele yao. Burton alipoandika kitabu chake, kilichopigwa chapa London mwaka 1860, aliipa njia ile jina la kutisha. Aliiita njia ya hofu. Lakini mwenyewe aliandika pia maana ya jina la wenyeji. Alisema Rubeho ni mahali pa upepo.

Fikiri juu ya majina hayo mawili. Wenyeji waliupa mlima jina la kile unachofanya kila siku: unavuma upepo. Mgeni aliipa njia jina la kile alichokisikia moyoni mwake siku moja akiwa na homa. Mlima ni ule ule. Na wapagazi waliobeba mizigo yake vichwani, wakapanda njia ile ile, hatujui wao wangaliipa jina gani, kwa kuwa hawakuandika kitabu. Ndiyo sababu nasema kujua kusoma na kuandika si jambo dogo. Anayeandika ndiye anayetoa jina.

3. MTU ALIYEPIMA HOFU

Kwa nini mtu apende kutazama kitu kinachomtisha? Mtu mmoja wa Ireland, jina lake Edmund Burke, alilitafakari swali hilo, na mwaka 1757 alitoa kitabu juu yake. Alisema vitu vizuri vya kawaida ni vidogo, laini na vya kupendeza, navyo hutufanya tupende. Vitu vya adhama ni vikubwa, vya giza, vyenye nguvu, visivyoonekana mwisho wake, navyo hutufanya tuogope. Lakini aliongeza sharti moja. Hofu hiyo hugeuka kuwa furaha ikiwa tu hatari haijatukaribia mno.

Jaribu maneno yake kwa mfano. Ukimsikia simba akinguruma mbali usiku, nawe umo ndani na mlango umefungwa, mwili husisimka na unasikiliza. Simba huyo akiwa zizini, husikilizi uzuri wa sauti yake, unatafuta mkuki. Simba ni yule yule. Tofauti ni mlango.

Shikeni sana sharti hilo la mlango. Tutalirudia mwisho wa somo.

4. PICHA YA DHORUBA NA TEMBO MDOGO

Baada ya kitabu cha Burke wachoraji wengi wa Ulaya walianza kutafuta adhama katika milima na bahari. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa J. M. W. Turner, aliyezaliwa London mwaka 1775 akafa mwaka 1851. Nitawaeleza picha yake moja, aliyoionyesha kwa watu mwaka 1812. Ni kubwa, upana wake umepita mita 2.

Habari yake ni ya jemadari wa Afrika. Jina lake Hannibal, wa mji wa Carthage, mahali ambapo leo ni nchi ya Tunisia. Mwaka 218 kabla ya Kristo alivuka milima ya Alpi, yenye theluji, pamoja na jeshi lake na tembo, ili apigane na Warumi nyumbani kwao.

Sasa funga macho, nikuchoree kwa maneno. Sehemu kubwa ya picha ni anga. Wingu jeusi limejipinda kama wimbi kubwa la bahari linalotaka kuvunjika. Nyuma ya wingu jua linaonekana, lakini ni jua hafifu, la rangi ya chungwa, kama jua la siku ya vumbi. Chini kabisa wamo watu. Wengine wameanguka, wengine wanajificha kati ya mawe, wengine wanaporwa. Yuko wapi Hannibal? Huwezi kumwona vizuri. Uko wapi utukufu wake? Tazama mbali sana, penye mwanga: kuna tembo mmoja, mdogo kama mdudu. Basi.

Mchoraji angaliweza kumchora jemadari juu ya farasi, upanga mkononi. Hakufanya hivyo. Alimchukua mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu akamfanya kuwa nukta. Hapo picha imesema neno lake: mbele ya dhoruba, hata mkuu ni mdogo.

5. NJIA NNE ZA MCHORAJI

Mchoraji ana karatasi ndogo au kitambaa kidogo. Awezaje kuingiza mlima humo? Ana njia zake. Nitawapa nne, nanyi mzitafute katika kila picha ya nchi mtakayoiona, hata katika kalenda ya ukutani.

Ya kwanza ni kipimo. Mlima pekee hauna ukubwa. Huenda ni kichuguu. Weka mtu mdogo chini yake, mara mlima unakua. Ninyi mnaweza kujaribu. Shika kijiti, nyosha mkono mbele, funga jicho moja. Pima nyumba iliyo chini ya mlima kwa kijiti hicho, kisha upime mlima wenyewe. Utajua nyumba ngapi zingepandana mpaka kufikia kilele.

Ya pili ni rangi ya umbali. Tazama safu za milima wakati wa asubuhi. Ya karibu ni ya kijani na kahawia, ya nyuma yake ina buluu, na ya mwisho kabisa inakaribia kufanana na anga. Milima haina rangi ya buluu. Ni hewa iliyo katikati. Mwanga wa jua ukipita hewani, buluu yake hutawanyika kuliko rangi ya njano au nyekundu. Hewa ikizidi kati yako na mlima, buluu nayo huzidi. Mchoraji anayelijua jambo hili hukufanya uone maili thelathini katika karatasi ya shubiri mbili.

Ya tatu ni mwanga na giza. Mahali pote pakiwa na mwanga, hakuna cha kutisha. Mchoraji huficha sehemu kubwa katika kivuli, kisha huacha mwale mmoja upite.

Ya nne ni kuficha mwisho. Kitu ambacho mwisho wake hauonekani huwa kikubwa zaidi akilini. Mchoraji wa Ujerumani, Caspar David Friedrich, karibu na mwaka 1818 alichora mtu amesimama juu ya jabali, ametupa mgongo, anatazama bahari ya ukungu. Vilele vichache tu vimetokeza. Uso wa mtu huyo hatuuoni. Kwa hiyo sisi wenyewe tunasimama mahali pake na kutazama. Aliyewahi kupanda Rubeho alfajiri, ukungu ukiwa umelala mabondeni, ameiona picha hiyo bila kwenda Ulaya.

6. KILIMANJARO: PICHA KAMA SHAHIDI

Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na weupe kileleni. Aliandika kwamba ni theluji. Huko London mtaalamu mmoja wa jiografia, William Cooley, ambaye hakuwahi kufika, alikataa kabisa; theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta! Wachaga walioishi chini ya mlima, yeye hakuwauliza.

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, mita 5,895. Mwaka 1898 Meyer alirudi na safari hii alifuatana na mchoraji, Ernst Platz wa mji wa Munich. Platz alichora barafu ile kwa rangi. Watu wa zamani walizitazama picha kama hizo kwa sababu ya adhama yake. Leo tunazitazama kwa sababu nyingine pia. Barafu iliyokuwako Kilimanjaro mwaka 1912, zaidi ya sehemu nane katika kumi imekwisha toweka. Picha iliyochorwa ili kumshangaza mtazamaji imekuwa shahidi wa kitu kilichopotea.

7. WALIOCHORA MLIMA KAMA NYUMBANI

Msidhani kwamba milima huchorwa na wageni tu. Sam Ntiro alizaliwa Uchagani mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, kisha London. Baada ya uhuru alikuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mwaka 1960 jumba kubwa la sanaa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku.

Katika picha za Ntiro nchi ya Kilimanjaro imejaa: miteremko ya kijani, migomba, njia, miti. Watu ni wadogo, kama wa Turner. Lakini tazama tofauti. Watu wa Turner wanaanguka. Watu wa Ntiro wanafanya kazi. Wanalima, wanavuna, wanabeba. Hawashangazwi na mlima, kama wewe usivyoshangazwa na ukuta wa nyumba yako. Kwao mlima ni maji ya mfereji, ni kivuli, ni shamba la baba.

Na karibu zaidi nasi, katika mkoa huu huu wa Dodoma, ziko picha za Kondoa, hasa pale Kolo. Mapango na miamba yenye michoro imepita 150, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Utaona twiga, pofu, tembo na watu wembamba, wengi kwa rangi nyekundu. Milima hutaiona imechorwa. Kwa nini? Mimi nafikiri hivi: waliochora walikuwa wamesimama juu ya mlima, na rangi yao waliipaka juu ya mlima wenyewe. Jabali ndilo karatasi. Ukisimama penye picha hizo, nyuma yako ni ukuta wa mwamba na mbele yako ni mbuga isiyo na mwisho. Adhama iko pale pale, hawakuhitaji kuichora.

8. MLANGO UKIWA WAZI

Sasa turudi kwenye sharti la Burke. Hofu hupendeza mtu akiwa salama. Lakini vipi kwa yule asiye na mlango?

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya upande wetu. Maji yaliteremka, mto Mkondoa ukafurika, reli ya kati ikaharibika kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makao. Aliyelitazama wingu lile akiwa mbali, aliona picha. Aliyekuwa bondeni aliona nyumba yake ikienda. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dhoruba ni nzuri, muulize kwanza amesimama wapi.

Tena liko jambo la pili, nalo nataka mlishike kuliko yote. Mwaka 1865 mchoraji Albert Bierstadt alichora bonde la Yosemite huko Marekani. Jua linazama, miamba inasimama kama minara, bonde linang'aa. Hakuna mtu hata mmoja. Mtazamaji anasema, "Nchi nzuri namna hii, na haina mwenyewe!" Lakini bonde lile lilikuwa na wenyewe. Waliitwa Ahwahneechee, na mwaka 1851 askari waliingia wakawafukuza. Picha haikusema uongo juu ya miamba. Ilinyamaza juu ya watu.

Basi, ukiona picha ya nchi yenye adhama, pengine picha ya mlima wako mwenyewe iliyopigwa na mgeni, furahi nayo, maana uzuri wake ni wa kweli. Kisha uliza: moshi wa jikoni uko wapi? Njia ya kwenda kisimani iko wapi? Nani ameachwa nje? Nchi inayoonekana tupu katika picha ni rahisi kuombwa na mtu mwingine.

Nanyi mnayo mkaa na karatasi. Mnaweza kuchora Rubeho kama mnavyoijua ninyi: wingu jeusi juu, kwa kuwa ni kweli, na chini yake mtu mmoja mlangoni, nguo mkononi, anatazama. Mtu huyo asisahauliwe.

Somo letu limekwisha. Kwaherini, na mvua ije kwa kiasi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya uzuri wa kikapu na adhama ya mlima.
2. Kwa nini Turner alimchora tembo mdogo sana?
3. Milima ya mbali huonekana ya buluu. Sababu yake ni nini?
4. Watu wadogo wa Turner na watu wadogo wa Ntiro wanatofautianaje?
5. Waulize wazee wa kijiji: vilima vinavyoizunguka Kibakwe vina majina gani, na maana yake ni nini? Andikeni majina hayo katika daftari la darasa.

KAZI YA NYUMBANI

Amka alfajiri utazame milima kabla jua halijapanda. Chora mistari mitatu tu: ya karibu, ya kati na ya mbali. Ya karibu ikoleze kwa mkaa, ya kati kidogo, ya mbali uiguse tu. Chini ya picha andika jina lako, tarehe, na sentensi moja juu ya kile ambacho mgeni asingekijua.